Kifurushi cha kanuni za timu za sekondari, Tabora: chukua daftari na kadi, bango liache dukani

Kifurushi hiki kinauzwa kwenye stesheneri za Tabora mjini, na walengwa ni walimu wa michezo wa sekondari. Kizima ni Sh 35,000. Ndani mna mwongozo wa mwalimu wa kurasa 24, fomu 40 za mkataba wa mchezaji, daftari la mwenendo, kadi tano za nahodha na bango la ukutani. Kila kimoja kinauzwa pia peke yake, na hilo ni jambo jema, maana vitu hivi vitano havilingani ubora hata kidogo. Aliye Urambo, Kaliua au Kasulu hutumiwa kwa basi na kulipia mzigo mwenyewe.

Hakuna kilichomo ambacho mwalimu hawezi kukiandika kwa mkono. Kinacholipiwa ni muda. Mwalimu mwenye vipindi vyake vya Jiografia, timu ya mpira wa miguu, ya netiboli na ya wavu, ambaye shule zikifunguliwa Januari anatakiwa aanze kuandaa wanafunzi kwa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya shule na kata, hana jioni za kukaa kutunga kanuni. Kama kifurushi kinamwokolea jioni hizo, bei si mbaya. Baadhi ya sehemu zinamwokolea kweli. Nyingine zitamwongezea kazi, na moja inaweza kumfikisha ofisini kwa mkuu wa shule akijieleza kwa maandishi.

Mwongozo unaanza vibaya na kuchangamka katikati. Kurasa za mwanzo zina orodha ya maadili 12: nidhamu, umoja, heshima, uvumilivu, upendo na mengine ya jamii hiyo. Mwalimu anaambiwa awasomee wachezaji, wapige kura, na manne yatakayoongoza yawe ya timu. Fanya hivyo kwenye shule kumi utapata jibu moja mara kumi. Wanafunzi wanajua mwalimu anataka kusikia nini. Wamelisikia mstarini tangu darasa la kwanza. Kura ya namna hiyo haiigusi timu yao.

Ukurasa wa 9 ndio ulipaswa kuwa wa kwanza. Hapo kuna zoezi la vikaratasi: kila mchezaji anaandika tendo moja lililoiumiza timu msimu uliopita, bila kutaja jina la mtu. Vikaratasi vinakusanywa, vinasomwa, vinapangwa mezani kwa mafungu. Timu ya watu 20 inalimaliza kwa dakika 45 hivi, na darasani panafaa kuliko uwanjani. Mafungu yanayotoka ni ya kweli: kuchelewa, kumsimanga mwenzio aliyekosa penalti, kumzonga refa, kuazima njumu na kuzirudisha zimepasuka, kususa mazoezi baada ya kuwekwa benchi. Ndipo kila fungu linapopewa jina. Kususa na kusimanga vikiwekwa chini ya neno umoja, kila aliyekuwepo anajua umoja unaozungumzwa hapo ni upi. Kwa hiyo ruka kurasa 3 hadi 8, anza na ya 9, kisha rudi kwenye orodha kutafuta majina tu. Manne yanatosha. Kwa timu ya kidato cha kwanza na cha pili, matatu.

Mwongozo umesahau tahadhari moja hapa. Mwalimu avipitie vikaratasi kimya kabla ya kuvisoma kwa sauti. Vingine vitakuwa vimemtaja mtu hata bila jina, kama vile "kipa mrefu wa Form Three", na kimojawapo kinaweza kugusa mambo ya bwenini ambayo ni ya matroni au mwalimu wa malezi. Hicho kinawekwa mfukoni na kupelekwa kunakohusika siku hiyohiyo.

Baada ya majina kuna jedwali la ukurasa wa 12, ambalo ndilo roho ya mwongozo wote: kushoto adili, kulia tendo linaloonekana. Wazo ni zuri. Mifano iliyojazwa ndiyo mibovu. Kwa heshima wameandika kwamba mchezaji atadumisha weledi na staha kwa wadau wote wa mchezo. Mtoto wa kidato cha pili hawezi kuitekeleza sentensi hiyo, na mwalimu hawezi kumshitaki nayo. Kipimo chepesi ni hiki: watu wawili wakiangalia mazoezi yaleyale wakiwa pande mbili za uwanja, je, wataandika jambo lilelile? Kama hawataandika sawa, sentensi bado ni ya jumla mno.

Kuheshimu muda, kwa mfano, kuwe hivi: saa kumi na dakika kumi jioni mchezaji yupo kwenye mstari wa pembeni, njumu zimefungwa, maji yake yapo. Kuwa njiani kutoka bwenini hakuhesabiki. Kumheshimu mwenzako: aliyekosea pasi anaambiwa jambo la kufanya baadaye, "geuka mapema", au anyamaziwe, mikono haipigwi mapajani wala haitupwi juu. Hilo la mikono linaonekana dogo, lakini mapajani ndiko kusimanga kunakoanzia, na refa wala kocha hahitaji kusikia neno ili alione.

Kumheshimu mwamuzi kunastahili kuandikwa upya kabisa, kwa sababu sheria yenyewe imesogea na mwongozo haujasogea nayo. Bodi inayotunga sheria za soka duniani, IFAB, ilitoa mwaka 2024 utaratibu wa nahodha pekee kumfuata mwamuzi, na mashindano ya Ulaya ya mwaka huo kule Ujerumani yalichezwa hivyo. Wengine wanakaa mbali. Anayemzonga refa hupewa kadi ya njano. Nahodha akiwa kipa, mchezaji mmoja wa ndani anateuliwa kabla ya mechi afanye kazi hiyo badala yake. Timu ya shule haihitaji kusubiri mtu aulete utaratibu huu mkoani. Unaandikwa kwenye jedwali kwa mstari mmoja: filimbi ya utata ikilia, nahodha anakwenda, wengine wanarudi nafasi zao. Unafanyiwa mazoezi pia. Kwenye mechi ya ndani ya Alhamisi, mwalimu anapuliza faulo ya uongo kwa makusudi mara mbili tatu na kutazama nani anakimbilia wapi. Timu isiyofanyia mazoezi jambo hili itaisahau kanuni dakika ya 80 matokeo yakiwa 1-1.

Upungufu mwingine wa mwongozo ni kwamba umeandikwa na mtu wa mpira wa miguu kwa ajili ya mpira wa miguu. Netiboli imetajwa mara mbili, wavu haumo. Nusu ukurasa tu ungetosha kuonyesha utovu wa nidhamu unagharimu nini katika kila mchezo, na wachezaji wanaelewa gharama haraka kuliko mahubiri. Kwenye wavu, kadi nyekundu inawapa wapinzani pointi na kuanzisha. Kwenye netiboli, mchezaji aliyekwisha kuonywa akirudia anasimamishwa dakika mbili, na hakuna wa akiba anayeingia badala yake. Kwenye mpira wa mikono nako ni dakika mbili nje, timu ikibaki pungufu. Walimu wa netiboli wanaonunua kifurushi hiki waongeze haya kwa kalamu.

Sasa ngazi ya adhabu, na hapa ndipo tunapopendekeza mkasi. Mwongozo una ngazi moja kwa makosa yote: kosa la kwanza onyo, la pili mizunguko kumi ya uwanja, la tatu viboko viwili kutoka kwa kocha, la nne kufukuzwa timu.

Tuanze na viboko. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002, zilizo chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Viboko havizidi vinne, mwanafunzi wa kike anachapwa na mwalimu wa kike labda shule iwe haina, na kila adhabu inaandikwa kwenye kitabu. Kocha wa mtaani anayejitolea jioni hana nafasi yoyote humo, hata awe amecheza ligi kuu. Mwalimu wa michezo ambaye hakuandikiwa barua naye hana. Shule ikitundika ngazi hii ukutani, au ikiwasainisha wazazi, imejitengenezea ushahidi dhidi yake yenyewe. Na hata sheria isingekuwepo, fimbo uwanjani hufundisha jambo moja tu, kuangalia kama kocha yupo.

Mizunguko kumi nayo ina kasoro mbili. Kwenye uwanja wenye njia ya riadha ya mita 400 hiyo ni kilomita nne, na kwa jua la Septemba na Oktoba la Tabora, mtoto ambaye labda hakula mchana anaweza kuanguka. Kasoro ya pili ni ya ufundi: kukimbia ni sehemu ya kazi ya mchezaji. Ukikufanya adhabu, siku ya mazoezi ya stamina timu nzima itakimbia kama imekosa. Kudeki choo kuna tatizo la namna hiyohiyo, kazi ya usafi inakuwa ya aibu wakati shule inataka kila mtu aifanye.

Adhabu ya timu iko ndani ya timu: dakika za kucheza. Hicho ndicho kitu pekee ambacho mwalimu wa michezo anakimiliki bila kuomba ruhusa, na ndicho mchezaji anachokitaka. Kwa makosa ya mazoea (kuchelewa, kusahau vifaa, kusimanga, kumbishia mwamuzi) ngazi inayofanya kazi huenda hivi. Mara ya kwanza anakumbushwa siku hiyohiyo na jina linaandikwa. Mara ya pili anaanzia benchi mechi inayofuata, kipindi kizima cha kwanza kwa soka, robo mbili kwa netiboli. Mara ya tatu hachezi mechi hiyo, lakini anakuja, amevaa, anakaa benchi na kusaidia maji na mipira. Mara ya nne anakaa na mwalimu wa michezo na mwalimu wa malezi, mzazi anapigiwa simu, na hachezi mechi kwa wiki mbili. Mazoezi anaendelea nayo muda wote. Kumfungia mazoezi mchezaji mtoro ni kumpa likizo aliyokuwa akiitafuta. Mwezi mmoja bila kosa unamshusha ngazi moja. Bila kushuka, mwenye makosa matatu ya Februari hana sababu ya kujirekebisha Mei.

Makosa mazito hayapandi ngazi. Kupigana, wizi, pombe na bangi, kumdhalilisha mwenzake kijinsia, kumtukana au kumgusa mwamuzi: haya yanakwenda kwa mwalimu wa nidhamu siku hiyohiyo, na timu kazi yake ni kumsimamisha tu mchezaji mpaka shule imalize. Kufukuza shule kuna kanuni zake na ngazi zake mpaka bodi ya shule. Nahodha na kocha hawaingii huko. Mwongozo umeweka kupigana na kusahau soksi kwenye ngazi moja, kwa hiyo kwa mujibu wake mchezaji aliyempiga mwenzake kichwa anapewa onyo kwa sababu ni kosa lake la kwanza.

Lakini ngazi iwe nzuri kiasi gani, itavunjika mahali pamoja, na mahali hapo panajulikana: mshambuliaji tegemeo kachelewa mara ya tatu Jumatano, Jumamosi kuna fainali ya wilaya. Mwongozo hauna hata sentensi moja kuhusu nani anaamua na lini. Uamuzi ukiachwa kwa kocha peke yake asubuhi ya mechi, mkuu wa shule atapita, mjumbe wa bodi atapiga simu, na kijana atacheza. Kuanzia hapo kanuni zimekufa, na timu nzima imeona zilivyokufa. Dawa ni watu watatu: mwalimu wa michezo, mwalimu wa malezi, na patroni au matroni. Wanakutana siku mbili kabla ya mechi kwa dakika 15, wanafungua daftari, wanasoma majina, wanasaini orodha ya wasiocheza. Mkuu wa shule anapewa nakala Alhamisi ili akitaka kubisha abishe mapema. Nahodha asiwe kati ya hao watatu. Anaweza kuulizwa alichokiona, lakini akipiga kura dhidi ya mwenzake, usiku wanarudi bweni moja, na kinachofuata huko mwalimu hatakisikia mpaka kimeharibika.

Daftari la mwenendo ndilo tunalolipendekeza bila kusita, ingawa nalo linahitaji rula. Lina safu za tarehe, jina, kosa, hatua na sahihi. Ukubwa wake ni wa kushikika, mistari ina nafasi. Ongeza safu mbili. Ya kwanza, sababu. Mwanafunzi wa kutwa anayechelewa mara nyingi amebakizwa kwenye kipindi cha ziada na mwalimu mwingine, au amekwenda nyumbani kuteka maji kwanza. Wiki tatu za safu hiyo zikionyesha nusu ya wachelewaji wametoka kwenye kipindi kimoja cha Hesabu, tatizo ni ratiba, na linamalizwa kwa walimu wawili kuongea stafu. Safu ya pili ni ya jema lililoonekana, kwa maneno mahususi: "alimrudishia mpira refa alipopuliza vibaya", si "alijitahidi". Daftari la makosa matupu hugeuka kitabu cha polisi na wachezaji wanalikimbia.

Ubora wa daftari lenyewe ni wa wastani. Limebandikwa gundi bila uzi, na kwa vumbi la kiangazi na kufunguliwa kila jioni kurasa za katikati zitaanza kuachia. Litobolewe na kushonwa mapema, au nakilini safu zake kwenye kaunta buku, ambayo itavumilia zaidi.

Fomu za mkataba ni habari ndefu. Karatasi ni nzuri, maandishi yanasomeka, nafasi za sahihi zipo tatu: mchezaji, mzazi, kocha. Kuna wajibu 14 wa mchezaji. Wajibu wa mtu mzima ni sifuri. Mkataba wa upande mmoja ni tangazo tu, na watoto wa sekondari wanauona upande huo haraka. Nyuma ya fomu pako wazi, kwa hiyo pigeni chapa mambo manne ya kocha: hatatukana wala kumpiga mchezaji, hatashika simu mazoezi yakiendelea, mazoezi yataisha saa kumi na mbili kamili, atakayewekwa benchi kwa kosa ataambiwa kosa lake kabla ya orodha kubandikwa. Hilo la saa lina maana yake. Jua la Tabora huzama karibu saa moja kasoro, la Kigoma huchelewa kidogo, na msichana wa kutwa anayekaa mbali anahitaji mwanga wa kufika kwao. Kocha anayevutisha mazoezi mpaka giza hana pa kusimama akimdai mchezaji kuheshimu muda.

Kuna kifungu kimoja tunachosema kifutwe kabla ya fomu haijamfikia mtu. Kifungu cha 6 kinamtaka mchezaji amtii kocha kwa kila jambo, ndani na nje ya uwanja. Hakuna shule inayopaswa kumsainisha mtoto maneno hayo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18, yaani karibu wachezaji wote wa kidato cha kwanza hadi cha nne. Badala yake kiandikwe kwamba mchezaji atafuata maelekezo ya mchezo wakati wa mazoezi na mechi, na kwamba ana haki ya kukataa na kutoa taarifa kwa matroni, patroni au mwalimu wa malezi akiambiwa jambo nje ya hayo. Ongezeni na utaratibu: mtu mzima hakai na mchezaji mmoja chumbani mlango umefungwa, ujumbe wa simu unapita kwenye kundi ambalo matroni yumo, timu ya wasichana haisafiri bila mwalimu wa kike. Kambi za UMISSETA, ambako watoto hulala madarasani mbali na kwao kwa siku nyingi, ndiko kifungu hiki kinakohitajika kuliko pengine pote. Tabora imepokea fainali za taifa, zikiwamo za 2022, kwa hiyo walimu wa hapa wanajua malazi, foleni za chakula na usimamizi wa usiku vinavyokuwa.

Kifungu cha 9, sare kamili bila nyongeza yoyote, nacho kirekebishwe. Kikisomwa kilivyo kinamzuia msichana mwenye hijabu, na kwa miji kama Tabora na Ujiji hao ni wengi. Soka iliruhusu vifuniko vya kichwa tangu 2014, mpira wa kikapu tangu 2017. Andikeni: hijabu ya michezo na suruali ya kubana chini ya sketi ni ruksa, pini ni marufuku. Na mwezi wa Ramadhani ratiba ya mazoezi ipunguzwe uzito kwa maandishi, ili aliyefunga asiingie kwenye daftari kwa kuomba kupumzika.

Sahihi ya mzazi ni mtego wa peke yake. Shule ya bweni ina mtoto wa Kibondo, wa Mpanda, wa Nzega. Fomu ikipewa mtoto katikati ya muhula, itarudi kesho yake ikiwa imesainiwa, na aliyesaini ni rafiki yake wa kitanda cha juu. Itolewe siku ya kufungua shule mzazi akiwa amemleta mwanawe, au kwenye kikao cha wazazi. Asiyefika apigiwe simu, asomewe fomu yote, na mwalimu aandike tarehe na saa. Mzazi asiyesoma asomewe kwa sauti na aweke dole gumba. Dakika tano hizo huwa ndiyo mara yake ya kwanza kuelezwa mwanawe anafanya nini jioni, na wazazi wanaodhani michezo ni uzururaji hubadilika hapo.

Jambo ambalo kifurushi kimelipita kimyakimya ni mamluki, yaani wachezaji wasio wanafunzi wa shule. Kurasa 24 za maadili na neno hilo halimo, wakati kila anayefuatilia mashindano ya shule anajua ni kilio cha miaka mingi. Huwezi kumdai mchezaji uaminifu wa kurudisha njumu huku amevishwa jezi ya shule pembeni yake kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka juzi. Na mamluki hajileti. Analetwa na mtu mzima. Kwa hiyo kwenye upande wa kocha wa ile fomu liongezwe la tano: orodha ya timu inatoka kwenye rejesta ya shule, majina yalivyo mle, na inabandikwa kwenye ubao wa matangazo siku tatu kabla ya mechi ili wanafunzi wote waione. Ubao huo ni mlinzi mzuri kuliko kikao chochote, kwa sababu wanafunzi wanafahamiana.

Kadi tano za nahodha ni kazi safi. Ni ndogo za kuingia mfuko wa bukta, zimewekewa laminesheni, kila moja ina mambo matatu mpaka manne: kabla ya mazoezi, kabla ya mechi, filimbi ikilia, baada ya kupoteza, safarini. Ile ya baada ya kupoteza ndiyo bora: mpongeze nahodha wao, mshukuru mwamuzi, hesabu mipira na bibu, hakuna kuzungumzia kosa la mtu mpaka kesho. Hilo la kusubiri mpaka kesho limeandikwa na anayejua basi la kurudi kutoka mechi iliyopotea linavyokuwa. Zinauzwa Sh 5,000 peke yake na timu ya netiboli inaweza kuzitumia bila kubadili neno.

Bango halina kazi. Maadili manane kwa herufi za kung'aa, picha ya wachezaji wa Ulaya, rangi nyekundu ambayo ikikaa kwenye ukuta wa jua itakuwa ya waridi kabla ya muhula kwisha. Karatasi ya manila na kalamu ya wino mzito, sentensi nne zilizotoka kwenye vikaratasi vya wachezaji wenyewe, kwa mwandiko wa mmoja wao, zibandikwe ndani ya stoo ya vifaa mahali wanapovalia. Hiyo ni chini ya Sh 2,000.

Kwa hesabu hiyo, anayenunua kizima analipia vitu viwili ambavyo hatavitumia. Daftari ni Sh 9,000 na kadi Sh 5,000. Mwongozo, Sh 8,000, unamfaa mwalimu mgeni kwenye kazi hii, kwa ajili ya kurasa za 9 na 12 pekee, naye mkongwe anaweza kuuazima shule jirani. Fomu usinunue 40. Nunua moja, muombe muuzaji faili lake kwenye flashi, futa cha 6, rekebisha cha 9, weka yale matano ya kocha nyuma, kisha toa fotokopi kwa idadi ya wachezaji ulionao. Akikataa kutoa faili, ukurasa huo unachapwa upya kwa nusu saa kwenye kompyuta ya ofisi ya taaluma.